Mrejesho: gari kusita asubuhi kabla injini haijapata moto

Wakuu habari, nimerudi kuhusu ile gari yangu ya mwaka 98 ya EFI (mafuta yanapulizwa kwa umeme, haina kabureta) niliyoomba ushauri hapa, inayosita ukikanyaga mafuta asubuhi mpaka ipate moto, na huku Njombe baridi ndo mnaijua. Plagi mpya nimefunga, hamna kitu. Aliyesema nipime sensa ya joto la maji ubarikiwe sana mkuu, tumeipima na mita injini ikiwa ya baridi inasoma kama ohm 300 wakati ilitakiwa iwe 2,000 na kitu, yaani kontroboksi (kompyuta ya injini inayopima mafuta) ilikuwa inadhani injini ishachemka inabana mafuta. Nimeweka nyingine, kusita kumeisha karibu kote. Na kama mlivyohisi, kweli themostati (vavu inayozuia maji ya rejeta mpaka injini ipate moto) haikuwepo, mafundi wetu na kung'oa themostati jamani! Nimerudisha ya nyuzi 82, mshale wa joto unapanda fasta.

Kilichobaki ni kutetemeka kidogo ikiwa sailensi (inaunguruma bila kukanyaga mafuta), nikipuliza kabu klina (dawa ya kusafishia kabureta) pembeni ya gasketi ya manifodi ya kuingizia hewa mlio wa injini unabadilika kwahiyo kuna hewa inaingia kwa wizi pale, gasketi bado naitafuta. Asanteni sana wote mliochangia.