Hesabu za GMAT bila kikokotoo: nianzie wapi?

DaftariJeusi:

Wakuu, habari za leo. Mimi ni mhasibu, siku nzima niko kwenye majedwali ya kompyuta. Nimeamua kuomba MBA, shahada ya uzamili ya biashara, na GMAT, mtihani wa kuombea nafasi kwenye shule hizo, naifanya baada ya miezi kama mitatu. Sehemu ya lugha hainitishi. Kinachoninyima usingizi ni hesabu.

Hali yangu iko hivi: fomula nazikumbuka karibu zote, maana sekondari nililipenda somo lenyewe. Nikipewa swali naandika x, naandika y, naunda milinganyo, najaza ukurasa, na jibu mara nyingi linatoka sahihi. Lakini nikitazama saa, dakika tano zimekwenda kwa swali moja. Kaka yangu kanipa kitabu chake cha zamani, kinene, chenye sura nzima za duara na pembetatu, nami nimeanza ukurasa wa kwanza kwa nia ya kukimaliza. Niendelee hivyo? Na mtu aliyezoea mashine kumfanyia kila hesabu anaweza kweli kurudi kukokotoa kwa kichwa na kalamu?

Njozi_Kuu:

Dada, kwanza ruka hizo sura za duara na pembetatu. Mtihani umebadilika. Muundo unaofundishwa na kitabu hicho cha kaka yako ulikoma 31 Januari 2024. Sasa sehemu ya hesabu ina maswali 21 kwa dakika 45, ni hesabu za kawaida na aljebra tu, jiometri haimo. Yale maswali ya kupewa taarifa mbili na kuulizwa kama zinatosha kulijibu swali yamehamia kwenye sehemu ya uchambuzi wa data, ambayo ina maswali 20 kwa dakika 45 nyingine. Huko unapewa kikokotoo kwenye skrini. Kwenye hesabu hupewi. Hata alama ni tofauti: zinaanzia 205 hadi 805.

Kwenye tovuti rasmi, mba.com, kuna mitihani miwili ya majaribio ya bure. Fanya mmoja wiki hii kabla hujasoma chochote, ujue umesimama wapi. Wa pili uutunze hadi karibu na mwisho. Na hesabu za kichwa zinarudi, usiogope. Kariri vipeo vya pili vya namba 1 hadi 30 na utaona tofauti.

Mwl_Ubao:

DaftariJeusi, mimi ni mwalimu wa hisabati, na jioni huwa nakaa na watu wazima wanaojiandaa kwa mitihani ya aina hii. Aliyoyasema Njozi kuhusu muundo ni sahihi, ila vipeo vya pili vikifika 20 vinatosha. Muda uliobaki uutumie kwingine.

Nimesoma maelezo yako mara mbili, na sioni kwamba tatizo lako ni kukokotoa. Unaanza kuandika kabla hujalitazama swali. Shuleni tulipewa alama kwa kuonyesha njia, kwa hiyo mkono umezoea kukimbilia mlinganyo. Mtihani huu haumwoni mtu aliyeonyesha njia. Unaona jibu ulilobofya kati ya matano, na hayo majibu matano yenyewe ni sehemu ya taarifa uliyopewa.

Chukua swali hili. Katika kikundi, uwiano wa wanaume kwa wanawake ni 3 kwa 5. Wanaume 6 wanajiunga, uwiano unakuwa 4 kwa 5. Mwanzoni kikundi kilikuwa na watu wangapi? Majibu: 40, 45, 48, 54, 60.

Mlinganyo upo na utakufikisha. Lakini tulia kwanza. Uwiano wa 3 kwa 5 maana yake kikundi kimegawanyika mafungu 8 yaliyo sawa, na watu hawakatwi vipande, kwa hiyo jumla ya mwanzo lazima igawanyike kwa 8. Papo hapo 45, 54 na 60 zimekufa. Zimebaki mbili. Jaribu 40: wanaume 15, wanawake 25, ongeza 6 upate 21 kwa 25, siyo. Basi ni 48: wanaume 18 wakiongezwa 6 ni 24, wanawake 30, na 24 kwa 30 ni 4 kwa 5. Hakuna x hata moja, na karatasi iko karibu nyeupe.

Sisemi uache aljebra. Yapo maswali ambayo bila aljebra hutoki, na wewe aljebra unayo, hilo ni jambo kubwa ambalo wengi wanaokuja kwangu hawana. Nasema iwe uamuzi. Kabla kalamu haijagusa, jiulize namba inayotafutwa ni ya aina gani: ni shufwa au witiri, ni kigawe cha nini, itakuwa kubwa au ndogo kuliko ile uliyopewa. Sekunde kumi na tano hivi za kutazama zinaokoa dakika mbili za kuandika.

Kukokotoa kwenyewe nako kuna adabu yake. Ukiona asilimia 37.5 ya 248, usizidishe desimali. Asilimia 37.5 ni tatu ya nane (3/8). 248 kwa 8 ni 31, mara 3 ni 93. Ukiona kipeo cha pili cha 51 kutoa kipeo cha pili cha 49, usikitafute hata kimoja: tofauti ya 51 na 49 ni 2, jumla yao ni 100, zidisha hizo mbili, jibu ni 200. Waliotunga maswali wamechagua namba ambazo zinafunguka zikishikwa vizuri. Ukijikuta unazidisha tarakimu nne kwa tatu, simama, kuna mlango umeupita. Kwa hiyo zijue sehemu na asilimia zake kama jina lako, hasa familia ya 6, ya 8 na ya 9 (1/6, 1/8, 1/9 na ndugu zake), maana hizo ndizo watu huzikwepa.

Halafu fungua daftari la makosa. Usinakili suluhisho, kunakili suluhisho ni kazi ya mkono tu. Andika sentensi moja ya kilichokukosesha. Mfano: gari limekwenda kwa kilomita 60 kwa saa na kurudi njia ileile kwa kilomita 40 kwa saa, wastani wa mwendo ni nini? Aliyejibu 50 asiandike «jibu ni 48». Aandike: «Nilijumlisha mwendo wa kwenda na wa kurudi nikagawa kwa 2, nikasahau kwamba nilitumia muda mrefu zaidi nikiwa taratibu.» Kwa njia ya kilomita 120 kwenda ni saa 2, kurudi ni saa 3, kilomita 240 kwa saa 5. Sentensi ile itakukumbusha kila utakapokutana na wastani wa viwango, hata vikiwa vya mabomba ya maji au vya mafundi wawili. Lisome daftari kila wiki, na ufanye upya maswali yale bila kutazama.

DaftariJeusi:

Mwalimu, asante sana. Lile la kigawe cha 8 nimelisoma nikasimama kabisa kitini. Naomba kuuliza la muda. Nikikwama kwenye swali, siwezi kuliacha, najisikia kama nimekimbia. Na nasikia mtihani unajirekebisha kufuatana na unavyojibu. Sasa nikiotea si nitashushwa?

Njozi_Kuu:

Ngoja niseme hili, maana ndipo wengi wanapoumia. Ni kweli swali linalofuata huchaguliwa kufuatana na ulivyojibu yaliyotangulia. Kwa hiyo ukiona yanazidi kuwa magumu, hiyo ni dalili njema, na hakuna anayetarajiwa kuyapata yote. Kosa moja kwenye swali gumu mfumo unalimudu. Usilolifikia ndilo baya: kuacha maswali ya mwisho bila kujibiwa kuna adhabu yake kwenye alama.

Tena huwezi kuruka swali, lazima uchague jibu ndipo lije lingine. Unachoweza kufanya ni kuliwekea alama. Ukimaliza yote 21 na muda ukawepo, unarudi kuyatazama, na unaruhusiwa kubadilisha majibu yasiyozidi matatu. Kwa hiyo kuotea hakujafunga mlango.

Mwl_Ubao:

Gawa dakika zako hivi: maswali 7 kwa kila dakika 15. Ukimaliza la 7, saa ionyeshe zimebaki 30. La 14, zimebaki 15. Usiangalie saa kila swali, utachanganyikiwa bure. Angalia kwenye vituo hivyo viwili tu. Na swali likifika dakika tatu hujaona njia, ondoa majibu yasiyowezekana, chagua, weka alama, songa. Wewe mhasibu unajua kuzuia fedha isiingie kwenye mradi uliokwisha kufa. Dakika nazo ni fedha ya mtihani huu.

Lifanyie mazoezi hilo la kuacha. Chukua maswali 7, weka dakika 15, na ujilazimishe kuliachia moja hata kama unadhani ulikaribia.

Jirani_wa_Takwimu:

Niongeze jambo moja kwa dada. Shule nyingi za biashara zinapokea GRE vilevile, mtihani mwingine wa kuombea masomo ya uzamili. Kule hesabu ziko mafungu mawili, maswali 12 kwa dakika 21 na maswali 15 kwa dakika 26, na kikokotoo kipo kwenye skrini. Lakini jiometri ipo. Angalia shule unazoomba zinataka nini kabla hujafunga uamuzi.

Mwl_Ubao:

Ni ushauri mzuri, Jirani. Ila kwa aljebra aliyonayo na miezi aliyobakiza, mimi ningebaki na GMAT. Kikokotoo hakitamfundisha kutazama swali, na kutazama ndiko anakokuhitaji.

DaftariJeusi, jaribu hili bila kuandika mlinganyo: namba n ikigawanywa kwa 7 inabaki 5. Je, 3n ikigawanywa kwa 7 inabaki ngapi?

DaftariJeusi:

Nimechukua n kuwa 5 yenyewe, maana 5 kwa 7 ni sifuri na baki 5. Mara 3 ni 15, kwa 7 inabaki 1. Nikajaribu na 12 kuhakikisha: 36, inabaki 1. Kalamu sijaigusa, mwalimu!

Mwl_Ubao:

Safi sana. Na uamuzi wa kuanza na 5 yenyewe badala ya 12 ndio hasa ninaoutafuta. Hili ni la sehemu ya data, lakini hesabu ni ileile. Je, x ni kubwa kuliko 0? Taarifa ya kwanza: kipeo cha pili cha x ni kikubwa kuliko x. Taarifa ya pili: kipeo cha tatu cha x ni kikubwa kuliko kipeo cha pili cha x. Ipi inatosha peke yake? Jaribu namba hasi, jaribu sehemu kama nusu, usijaribu 2 na 3 tu.

DaftariJeusi:

Ya kwanza haitoshi. 2 inakubali, na -2 nayo inakubali kwa sababu 4 ni kubwa kuliko -2. Ya pili inatosha: hasi zote zinakataa, nusu inakataa, sifuri inakataa, zinabaki zilizo juu ya 1 tu.

Mwl_Ubao:

Ndiyo. Kesho fanya ule mtihani wa kwanza wa majaribio kwa muda wake kamili, kisha uniandikie hapa maswali uliyotumia zaidi ya dakika tatu, hata yale uliyoyapata. Hayo ndiyo tutakayoanza nayo.