Misaada ya kampuni kwa jamii: huleta faida, au huletwa na faida?

Mwanafunzi wa Uzamili
Habari zenu, wakuu. Ninaandika tasnifu kuhusu uwajibikaji wa kampuni kwa jamii na ufanisi wa benki zilizoorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Taarifa zao za mwaka zinaonyesha kwamba zinazotoa misaada zaidi ndizo zenye faida kubwa, lakini msimamizi wangu haridhiki. Nitathibitishaje kwamba madawati ya shule na vitanda vya hospitali wanavyotoa ndivyo vilivyoleta faida hiyo?

Mhasibu Mstaafu
Msimamizi wako yuko sahihi. Benki za NMB na CRDB zimetangaza hadharani kwamba hutenga asilimia 1 ya faida kwa ajili ya jamii. Kwa hiyo faida ikipanda, madawati nayo yataongezeka, hata kama hakuna mteja aliyefungua akaunti kwa sababu ya dawati. Hapo unapima kanuni ya bajeti tu. Ukisema ugawanye mchango kwa faida, utabaki na asilimia ileile kila mwaka, na hutakuwa na cha kulinganisha.

Mchumi
Ndiyo maana watafiti wengi walikimbilia India. Sheria ya Kampuni ya mwaka 2013 inazitaka kampuni zilizofikia viwango fulani, kimojawapo kikiwa faida halisi ya rupia milioni 50, zitumie angalau asilimia 2 ya wastani wa faida ya miaka mitatu iliyotangulia. Kwa kuwa kiwango kimewekwa na Bunge, si na wakurugenzi, unaweza kulinganisha kampuni zilizokivuka kidogo na zile zilizokikosa kidogo. Watafiti Manchiraju na Rajgopal walifanya hivyo, wakakuta kwamba bei za hisa za kampuni zilizobanwa na sheria zilishuka. Tena baadhi ya kampuni kubwa zilizokuwa zikitoa zaidi ya asilimia 2 kwa hiari zilipunguza, jambo ambalo sidhani kama watunga sheria walilitarajia.

Mwanafunzi wa Uzamili
Ahsante sana. Je, hapa nchini hakuna sheria ya namna hiyo?

Mhasibu Mstaafu
Ipo kwenye madini. Tangu marekebisho ya mwaka 2017, kifungu cha 105 cha Sheria ya Madini kinamtaka mwenye leseni aandae mpango wa kila mwaka wa uwajibikaji kwa jamii na kukubaliana na halmashauri husika. Ila usipime kwa faida, kwa sababu faida ya mgodi huyumbishwa na bei ya dhahabu ya dunia. Tazama siku ambazo uzalishaji ulisimama kwa sababu ya migogoro na vijiji jirani.