Injini inakufa njaa, kompyuta inasema imeshiba. Asante sana fundi

Wakuu, ngoja niseme hapa kabla sijaenda kugombana na mtu.

Nilimpa fundi umeme kazi moja tu: afunge sensa ya oksijeni (ile inayopima moshi ili kujua mafuta ni mengi au kidogo) ya nyaya tano, LSU 4.9 ya Bosch, pamoja na kontrola yake, kisanduku kinachosoma sensa, kisha aipeleke kwenye kompyuta ya injini badala ya sensa ya zamani. Kitabu cha maelekezo nikamwekea kitini, waya unaohusika nimeuzungushia kalamu nyekundu. Jibu lake: "Bosi, miaka yote hii nafunga sensa, leo unifundishe kwa karatasi?"

Gari ikatoka. Siku ya kwanza sailensa, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta, inapanda na kushuka. Siku ya pili ukikanyaga mafuta inakohoa. Siku ya tatu taa ya injini hiyo. Napima, P0172: mafuta yamezidi. Nafungua plagi, nyeupe kama chaki! Mafuta yakizidi plagi inakuwa nyeusi kwa masizi, hilo hata kijana anayeshika tochi gereji analijua. Mashine inaonyesha kompyuta imepunguza mafuta kwa asilimia 25, na bado inalia kwamba ni mengi.

Nampigia fundi. "Sensa uliyonunua feki hiyo." Feki!

Nikaingia chini ya dashibodi mwenyewe. Kontrola ina nyaya mbili za kutoa taarifa. Mmoja unatoa volti 0 mpaka 5; kwenye yangu, 0 ni uwiano wa hewa na mafuta wa 10, na 5 ni 20; namba ikipanda, mafuta ni kidogo. Mwingine unaigiza sensa ya zamani, 0 mpaka 1. Kompyuta ya kiwandani inaelewa huo wa pili tu: juu ya 0.45 mafuta mengi, chini yake mafuta kidogo. Mwenzetu kaunga wa kwanza.

Sasa oneni balaa lake. Mchanganyiko ukiwa safi kabisa, 14.7, waya ule unatoa volti 2.35. Kompyuta inaona mafuta mengi, inapunguza. Kwenye sensa ya zamani mafuta yakipungua volti zinashuka. Kwenye waya huu zinapanda. Kwa hiyo kila ikipunguza inaambiwa bado, punguza tena. Injini haikuharibika, ilikuwa inatii amri. Ningepanda nayo mlima na mzigo ingeanza kugonga, yaani mafuta kulipuka ovyo ndani ya silinda, na hapo tungekuwa tunaongelea pistoni.

Hajaishia hapo. Hasi ya hita inayochemsha sensa na hasi ya taarifa kazikutanisha kwenye bolti moja ya bodi, juu ya rangi! Nikawasha taa kubwa nikapima kati ya bolti ile na hasi ya kompyuta: volti 0.2. Kwenye taarifa ya 0 mpaka 1 hiyo ni sehemu ya tano nzima. Bomba la moshi nalo kalitoboa kwa chini, sensa inatazama juu, maji ya mvuke yaingie vizuri kwenye kauri inayochemshwa hadi nyuzi 780 hivi. Kitabu kinasema sensa iingie kwa juu, imeinama angalau digrii 10 kutoka usawa. Kipo kwenye kiti, hakijafunguliwa hata ukurasa.

Nyaya nimezihamisha, hasi nimezitenganisha, injini imetulia. Kinachonitoa machozi ni soketi. Aliona nyaya ni fupi, akaikata, akaunga kwa tepu. Ndani ya soketi ile kuna rezista ndogo (kizuizi cha umeme) iliyopimwa kiwandani kwa ajili ya sensa ileile, ili kontrola isome sawasawa. Ndiyo maana ina pini sita wakati nyaya ni tano. Bila hiyo, namba yoyote ninayoiona kwenye geji siiamini.

Nimempigia tena, kwa upole kabisa, kuuliza soketi aliiweka wapi.

Kaitupa.