Kahawa ya kihambani (shamba la nyumbani la kahawa na migomba): kipi ni bahati, kipi ni mkono wa mkulima? Naomba ushauri

Wakubwa shikamoni, hasa mlioko Kibosho, Uru na Marangu, Kilimanjaro.

Bei haiko mikononi mwetu. Arabika, aina ya kahawa tunayolima, hufuata soko la New York. Julai 2021 baridi kali iliunguza mibuni Brazil, bei ikapanda hadi huku. Hakuna aliyepalilia zaidi wala aliyesali zaidi.

Ubora ndio wetu. Chuma nyekundu tu, maana mbichi hazimenyeki vizuri, mashine inazikata. Zinazoelea kwenye ndoo zitenge. Menya siku hiyohiyo. Kwenye kuchachusha, yaani kuzilaza punje zilizomenywa hadi utelezi uishe, ndiko wengi wanaharibu: usihesabu saa, kwani baridi ya huku juu mlimani huchelewesha. Sugua punje kiganjani. Zikikwaruza kama changarawe, utelezi umeisha, osha papo hapo. Ukizilaza zaidi, harufu ya uchachu haitoki tena. Anika kwenye kichanja, tabaka jembamba, geuza, na jua la mchana likiwaka sana funika, ganda lisipasuke. Unyevu ubaki asilimia 11 hivi.

Sasa swali. Mwenye mibuni 200 ya zamani, kila mvua ikizidi chulebuni (ugonjwa unaoozesha matunda ya kahawa) inamla asiponyunyizia dawa mapema. Miche ya TaCRI Lyamungu (taasisi ya utafiti wa kahawa Tanzania) inastahimili chulebuni na kutu ya majani, ila itachukua kama miaka 3 kuzaa vizuri, na bei ya wakati huo haijulikani. Ang'oe yote sasa, au 50 kila mwaka huku migomba ikimlisha? Waliobadilisha kidogokidogo, kivuli cha mibuni ya zamani hakikudumaza miche?