Namchoraje mbwa asitoke kama wa kibao cha "Mbwa Mkali"?

Mchora Mabango, Uyole
Habari za jioni wakuu. Nachora mabango na maandishi ya magari hapa Uyole, Mbeya. Kuna mama mmoja wa Tukuyu, mkulima wa chai, kaniletea picha ya simu ya mbwa wake aliyekufa. Anataka nimchore kwenye hadibodi amtundike sebuleni. Ni mbwa wetu wa kawaida, rangi ya udongo, sikio la kushoto limekatika ncha. Kasimama kwenye kinjia cha shambani, kageuza shingo kuangalia nyuma. Mama anasema ndiyo ilikuwa tabia yake: anatangulia, anageuka, anamsubiri.

Vibao vya mbwa mkali nimechora vingi, meno nje na mnyororo shingoni, mkono umeshazoea. Huyu kila nikimchora anatoka amekakamaa kama meza. Manyoya nimeyapitisha moja moja kwa brashi nyembamba kuliko zote nilizonazo, bado hana uhai. Wachoraji wakubwa walimshikaje mbwa? Nataka mama akimwona amwite jina.

Mwalimu wa Sanaa, Iringa
Kaka, manyoya yaache mwisho. Itafute picha ya Las Meninas ya mchoraji Velázquez, ya 1656, iko Madrid kwenye jumba la Prado. Pale mbele kuna mbwa mkubwa amelala, kijana wa nyumba ya mfalme kamwekea mguu mgongoni, naye anasinzia tu. Ikuze uitazame kwa karibu: manyoya ni mapigo machache ya brashi. Kinachokufanya umwamini ni uzito wake, namna mwili ulivyoielemea sakafu.

Halafu muone mbwa wa mchoraji Goya. Alimchora kati ya 1819 na 1823 kwenye ukuta wa nyumba yake mwenyewe. Unaona kichwa tu, kimeinuka, na juu yake eneo kubwa tupu la rangi ya udongo. Mwili hauonekani, lakini huwezi kumwacha, kwa sababu anaangalia kitu. Mimi kila mwaka nawaonyesha wanafunzi picha hiyo, na darasa linanyamaza. Wa kwako yuko kwenye ile shingo iliyogeuka. Anza na mstari mmoja kutoka puani hadi mkiani, ukikaa sawa ndipo uendelee.

Dada wa Mafinga
Mwalimu, hapo kwenye manyoya sikubaliani nawe kabisa. Jan van Eyck, 1434, ile picha ya mume na mke iliyoko London: kijibwa kilicho miguuni pao kimechorwa nywele kwa nywele, na kiko hai, kinakutazama usoni. Shida si brashi nyembamba.

Na vibao vyako usividharau, kaka. Pompeii, mji uliofukiwa na volkano mwaka 79, kuna mbwa wa vijiwe kwenye sakafu ya mlangoni, ana mnyororo, na maandishi ya kuonya wageni. Kazi yako ina ukoo mrefu. Watu wa kabila la Kongo nao walichonga mbwa wa vichwa viwili, kwa kuwa kwao mbwa anaona upande wa walio hai na upande wa wafu. Huyo mama angewaelewa haraka sana.

Mchora Mabango, Uyole
Ndaga fijo, yaani asanteni sana, wote wawili. Ubao nimeupaka upya, naanza na mstari wa mwalimu. Ila kwenye picha ya simu mkia umefichwa na michai. Niuweke juu au chini?

Mwalimu wa Sanaa, Iringa
Usibuni. Mpigie mama umuulize alikuwa anaubebaje akimsubiri. Na sikio lisiguswe, libaki na ncha yake iliyokatika.