Tunafundishaje uendelevu na CSR (wajibu wa kampuni kwa jamii) kwa wanafunzi wa biashara bila kuishia kwenye madawati na mabati?

MwlZiwa:
Wakuu habari za jioni. Nafundisha chuo kimoja huku Mwanza, semista hii nimekabidhiwa kozi ya maadili ya biashara na uendelevu, wanafunzi wa mwaka wa pili, darasa limejaa mpaka wengine wanasimama mlangoni. Slaidi nilizorithi ni piramidi ya Carroll ya 1991 (mchoro unaopanga wajibu wa kampuni kwa ngazi), maana ya uendelevu, faida za CSR, basi. Nikiuliza kampuni inawajibikaje kwa jamii napata jibu moja darasa zima: ilitoa madawati, ilichimba kisima, ilipeleka mchele kituo cha yatima. Hakuna hata mmoja anayeuliza hiyo hela ya madawati kampuni iliipataje. Na wapo wanaoniambia wazi kabisa mwalimu haya ni mambo ya Wazungu, sisi tunatafuta ajira, tupe ya kujibia mtihani tu.

Mimi jambo hili linaniuma kwelikweli kwa sababu hawa ndio kesho watakaa manunuzi, uhasibu, mikopo benki, ndio watakaosaini. Waliowahi kufundisha au kusoma hii kitu ikawaingia, mlifanyaje? Karibuni.

Mzee wa Mwaloni:
Mwalimu upo Mwanza halafu unatafuta mfano, sangara je? Nimekaa kwenye biashara ya samaki muda mrefu, ngoja nikwambie, hiyo kozi yako yote imo mle.

Waanzie kwa mvuvi. Mafuta kakopa kwa ajenti, nyavu kakopa, barafu kaletewa, sasa akirudi nchi kavu hana pa kuuza isipokuwa kwa huyohuyo na bei anapangiwa. Ajenti naye ana kiwanda kinachomsubiri, na kiwanda kikiwa na mashine za kuchakata tani nyingi kuliko samaki waliopo ziwani lazima presha ishuke chini, inashuka kwa ajenti, inashuka kwa mvuvi, mwisho inamfikia samaki ambaye hajafika sentimita 50 ambaye sheria inasema asiguswe. Minofu inapanda ndege kwenda Ulaya, mabondo (vibofu vya hewa vya samaki) yanakwenda China kwa bei ya ajabu, mapanki (mifupa na vichwa) ndiyo yanabaki huku kwetu. Sasa waulize wanafunzi nani kavua yule samaki mdogo? Wengi watasema mvuvi. Usiwakubalie haraka, waambie wakuchoree hela inatoka wapi inakwenda wapi, kila mtu anabaki na shilingi ngapi.

Halafu wapeleke 1999, Umoja wa Ulaya walipozuia samaki wa Ziwa Victoria, Kenya Uganda na sisi wote, kwa sababu kuna watu walikuwa wanavua kwa sumu za wadudu. Waliotia sumu hawakuwa wengi lakini aliyevua kwa mshipi wake halali naye alibaki na samaki wake bila mnunuzi. Hao wanaosema mambo ya Wazungu waulize ule mwaka nani alikosa ada ya watoto, Mzungu au mtu wa Ukerewe?

Na usiiruke Operesheni Sangara ya 2018, ule msako wa serikali dhidi ya uvuvi haramu. Nyavu haramu zilichomwa, sawa, sheria ni sheria, mimi sitetei timba wala kokoro, nyavu hizo zilizokatazwa. Lakini darasa lako lijadili hasara ilikaa kwa nani zaidi kwenye huo mnyororo.

CPA_mtaani:
Mzee kamaliza upande wa ziwa. Mimi naongeza, na hapa nitatofautiana na vyuo vingi: hii kitu ikikaa peke yake kama kozi ya pembeni imeshakufa. Mwanafunzi Jumatatu anafundishwa gharama ni za kupunguza, Alhamisi anafundishwa tutunze mazingira, na anajua fika ni ya Jumatatu ndiyo itampa kazi. Iingie kwenye uhasibu, kwenye fainansi, kwenye manunuzi.

Na siyo maneno ya hisani tena. Juni 2023 zilitoka IFRS S1 na S2, viwango vya kimataifa vya taarifa za kampuni, ya kwanza inahusu taarifa za uendelevu kwa ujumla na ya pili tabianchi, zinataka kampuni ieleze hatari hizo zinagusaje hela yake. Mhasibu asiyejua kupima hilo atakaa pembeni wenzake wakifanya kazi. Kwa hiyo chukua kiwanda cha Mzee hapo juu, wape namba za kubuni: mtambo wa kusafisha maji machafu bei hii, mkopo riba hii, soko la nje likifungwa miezi kadhaa mauzo yanashuka hivi. Wapige hesabu. Utaona mjadala unavyobadilika, wale waliokuwa wamelala wanaamka.

Jambo lingine linalonikera, wanafunzi wanachanganya vitu vitatu. Ushuru wa huduma unaokatwa kwenye mauzo na kwenda halmashauri siyo CSR, hiyo ni kodi. Kwenye madini, tangu marekebisho ya sheria ya 2017 mwenye leseni anatakiwa aandae mpango wa CSR kila mwaka na akubaliane na halmashauri, huo ni wajibu wa kisheria siyo zawadi. Madawati ndiyo hisani. Mtu akishatenganisha hayo matatu hata akisoma ripoti ya mwaka ya kampuni anajua anasoma nini.

Binti Igoma:
Mimi hii kozi nilisoma, A nilipata, na kusema ukweli haikunisaidia siku nilipoihitaji. Kazi yangu ya kwanza bosi kaniletea hati ya kupokea mzigo nisaini, mzigo haupo stoo, kaniambia saini tu unakuja kesho. Mimi mgeni, mkataba wa majaribio, nyumbani wananitegemea. Nilikataa nikahamishwa idara. Kipindi chote kile najiuliza mbona chuoni hawakutufundisha hata sentensi ya kumwambia bosi? Tulifundishwa uaminifu ni muhimu, nani asiyejua uaminifu ni muhimu jamani. Mwalimu naomba hilo usiliache.

Wa Thika Road:
Pole sana dada, na hongera kwa kusimama. Mwalimu, mimi nafundisha madarasa ya jioni hapa Nairobi na hilo la dada ndilo nimelishika sana. Kuna mwalimu Mmarekani, Mary Gentile, njia yake haianzi na kuuliza lipi ni sawa lipi si sawa. Inaanza pale ambapo tayari umejua lililo sawa, sasa utasema nini, utamwambia nani kwanza, ukiwa na namba gani mkononi, na yeye atakujibu visingizio gani. Ni mazoezi ya kusema. Nawaweka wawili wawili, mmoja bosi mmoja mfanyakazi mpya, wanabadilishana. Huko kwenu pia mna sheria ya 2015 ya kulinda watoa taarifa na mashahidi, wasome inalinda nini na taarifa inapelekwa wapi.

Kingine, usimfiche Milton Friedman, yule mwanauchumi Mmarekani. Wape ile makala yake ya gazeti ya 1970 aliyosema wajibu wa biashara ni kuongeza faida. Wanafunzi wako wengi tayari wanaamini hivyo, afadhali wakutane na hoja yenyewe ikiwa na nguvu zake zote. Wengi hawajui aliongeza kwamba iwe ndani ya kanuni za mchezo, bila udanganyifu. Basi waulize, na kanuni za mchezo ziwa Victoria anaziandika nani, na mvuvi aliyekopa nyavu ana sauti gani pale?

MwlZiwa:
Nashukuru sana wakuu, zile slaidi naziweka kando. Binti Igoma, hati yako ya mzigo naomba niitumie kama zoezi, bila jina lolote. Kosiweki itakuwa kufuata samaki mmoja kutoka mwaloni mpaka kiwandani wakiandika kila mkono uliopata hela. Tatizo langu ni usahihishaji, darasa kubwa hivi na kazi za makundi watu wanabebana.

CPA_mtaani:
Toa nusu ya maksi kwa ripoti ya kundi, nusu nyingine kila mtu aje dakika tatu mbele yako, unamchagulia mstari mmoja kwenye jedwali lao akueleze hiyo namba waliipata kwa nani na kama anaiamini. Aliyebebwa utamjua kabla dakika haijaisha. Na jedwali la kiwanda nitakuandalia wikiendi hii, niandikie inbox.