Ushauri: nimpeleke mama mwenye presha Bodie, mji wa dhahabu uliohamwa California?

Binti_Geita: Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Mama yuko kwangu Sacramento hadi Oktoba. Miaka mingi aliwapikia wachimbaji kule Geita, na tangu aone picha za Bodie hana wimbo mwingine. Ana miaka 66 na ana presha. Mji uko mita zaidi ya 2,500 juu ya bahari. Nimpeleke, au nitafute kwingine? Na kuna nini hasa cha kuona?

Mzee_wa_Reno: Marahaba. Aanze kwa daktari wake. Akiruhusiwa, msipande moja kwa moja kutoka bondeni; laleni Bridgeport, kama mita 2,000, mwili uzoee. Kichwa kikimgonga au akihema vibaya, shukeni hapohapo hata akikataa. Nendeni Septemba, kabla ya theluji.

MamaTunu: Hakuna mgahawa wala petroli. Jazeni tangi kabla hamjaiacha barabara ya 395, bebeni chakula, maji na kofia. Kilomita kama 5 za mwisho ni vumbi na makorongo, dereva asikimbize.

Mchimbaji_Mstaafu: Mimi nasema mpeleke, kwa sababu yeye ataona yasiyoonwa na watalii wengine. W. S. Bodey aligundua dhahabu pale mwaka 1859, akafa kwenye dhoruba ya theluji bila kuifaidi. Watu walifurika kuanzia 1877, wakafika maelfu. Moto wa 1932 uliteketeza sehemu kubwa. Leo yamebaki majengo kama 110. Ni hifadhi ya jimbo tangu 1962, na hawayafanyi mapya, wanayazuia tu yasianguke. Unachungulia dirishani unakuta meza, vitanda, na bidhaa za duka la Boone bado rafuni.

Usikose kinu cha Standard. Huingii bila mwongozaji, kwa hiyo mkifika tu ulizeni ziara ni saa ngapi. Humo mawe yalipondwa kwa nyundo za chuma na dhahabu ikanaswa kwa zebaki. Mama hatahitaji kuelezwa zebaki ni nini! Na mwonyeshe King Street walikoishi Wachina, waliouzia mji mboga na kuni.

MamaTunu: Msiokote kitu, hata msumari. Ni marufuku.

Binti_Geita: Nawashukuru sana. Nimemsomea mama yote. Hiyo ya wauza mboga amenirudisha niisome tena. Daktari tunamwona Jumanne, nitaleta majibu hapa.